Siku Bibi Rombo Alipokuita Mbaya

Mwanangu Tunu,

Mambo ya chandarua, dawa, na kutomwambia mtu namba yako ya siri ameshakuambia baba yako, tena mara tatu, na mara ya tatu ulikuwa unaitikia huku unaangalia simu. Mimi sitayarudia. Begi lako limefungwa, ndoo yako ina kifuniko chake, na maji na mboga za Newala utajionea mwenyewe ukifika. Leo nimefunga duka saa tisa. Majirani zangu hapa Kariakoo wameshangaa, mpaka jirani wa mapazia akaja kuniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana, nina barua ya kuandika. Akacheka sana. Lakini mimi nikitaka kusema jambo kwa mdomo hutoka jingine, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote. Basi nimekaa juu ya robota la vitenge, feni nimeiwasha, kalamu ninayo.

Umekua ukisikia kwamba ulipozaliwa bibi zako wawili waligombana. Ulichosikia ni nusu, tena ile nusu ya kuchekesha ambayo baba yako huisimulia kwenye sherehe. Nusu ya pili nimeificha miaka ishirini na minne, kwa sababu ndani yake mkosaji ni mimi.

Wakati ule tulikuwa tunaishi Magomeni, chumba kimoja katika nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, ambaye wewe unamwita Bibi Magomeni. Baba yako alikuwa ameanza kazi mtaa wa Gerezani, anauza vipuri vya magari, anatoka asubuhi na kurudi jioni ananuka oili. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nyumbani kwetu Rombo baba zangu wadogo walikuwa wamesusa ndoa yangu. Walisema nimepotelea Pwani, nimeolewa na watu wasio wa dini yetu wala wa kabila letu. Mama yangu, Bibi Rombo wako, hakususa, ila alinyamaza. Mwaka mzima sikupata salamu yake. Halafu ukazaliwa wewe, na siku ya tisa mama akashuka kwenye basi akiwa na mkungu wa ndizi, kibuyu cha maziwa, na gauni lake la kanisani.

Tatizo lilikuwa lugha. Mama yangu hakwenda shule. Kiswahili chake kilikuwa cha gulioni: bei gani, punguza, asante, ngoja kidogo. Bi Mwanaidi naye, mtoto wa Magomeni kwa kuzaliwa, Kichaga alikuwa hakijui hata neno moja. Katikati yao nilikuwa mimi tu. Baba yako alikuwa anatabasamu na kusema "Karibu mama, karibu mama," akishamaliza hapo ameishiwa.

Mama akaingia chumbani, akanawa mikono, akakuchukua. Akakutazama muda mrefu. Akakunusa kichwani. Halafu akasema, kwa lugha yetu, "Mtoto mbaya huyu. Mbaya kabisa. Ana sura ya kima."

Bi Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji wa pilipili manga, uso wote umejaa furaha. Akaniuliza, "Kasemaje mama?"

Na mimi, Tunu, nikamwambia. Neno kwa neno. "Anasema mtoto ni mbaya, ana sura ya kima."

Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa nimekua na maneno yale. Mama yangu hakuwahi kumsifia mtoto mchanga hata siku moja, awe wake au wa jirani. Kwake, ukimsifia mtoto umemtangaza, na ukimtangaza, jicho baya linasikia. Kila kitu alichokipenda sana alikitukana. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeitwa mbaya mpaka nikaenda kipaimara. Kwangu neno lile lilikuwa na joto la blanketi, na kwa ujinga wangu nikadhani joto hilo litavuka lenyewe mpaka upande wa pili. Halikuvuka. Bi Mwanaidi aliweka bakuli chini taratibu, akasema, "Haya," akatoka. Jioni ile hakula nasi.

Mama akaniuliza, "Mwenzangu ana nini?" Nikasema amechoka.

Huo ukawa uongo wa kwanza. Wa pili ulikuja asubuhi yake. Bi Mwanaidi aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie mama yako, hapa kwangu mtoto haitwi kima." Nikageuka nikamwambia mama, "Anasema umelalaje." Mama akasema, "Mwambie nimelala vibaya, nyumba hii ni tanuri." Nikamgeukia Bi Mwanaidi nikasema, "Anaomba radhi kwa jana, na anakusifia kwa unavyonikanda." Uso wa Bi Mwanaidi ukalainika palepale. Akaenda kukaanga vitumbua.

Nikaona kumbe ni rahisi hivi!

Wiki mbili na ushee niliishi hivyo. Mmoja akisema uji una pilipili nyingi, mimi nasema uji ni mtamu. Mwingine akilalamika kwamba ndizi za mtori zimejaza jiko lake moshi, mimi nasema anauliza mtori unapikwaje. Wakaanza kupendana, au niseme kila mmoja akaanza kumpenda mtu niliyemtunga mimi. Nitakwambia kitu ambacho sijamwambia hata baba yako. Sikufanya vile kwa ajili ya amani peke yake. Nilipenda. Nilikuwa mtoto wa mwisho kwetu, sijawahi kusikilizwa, na ghafla wanawake wawili wakubwa hawawezi kusalimiana bila mimi kufungua mdomo. Nilikuwa mlango, na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Halafu siku moja, Jumatano, mama akaniambia, "Jumamosi naondoka, na naondoka na nyie wawili. Utakaa kwangu miezi mitatu mpaka upate nguvu. Joto hili litaniulia mjukuu. Mwambie mwenzangu."

Nilitakiwa kusema, "Mama, sitaki." Nilikuwa sitaki kabisa. Niliogopa nikifika Rombo wale baba wadogo hawataniacha nirudi. Nilimtaka mume wangu, na hata ile nyumba iliyoitwa tanuri nilikuwa nimeshaipenda. Lakini mama alikuwa amenisamehe majuzi tu. Ningemkataliaje? Nikasema, "Sawa mama, nitamwambia."

Nikaenda uani kwa Bi Mwanaidi. "Mama anataka kurudi nyumbani Jumamosi," nikamwambia. "Anashukuru sana."

"Masikini, mbona mapema hivyo?" akasema. Na alisikitika kweli. "Mwambie safari yake iwe ya heri. Na hapa ni kwake, aje wakati wowote."

Nikarudi kwa mama. Nikamwambia, "Amekubali."

Nadhani nilitumaini Jumamosi isifike.

Ikafika. Baba yako alitoka mapema kutafuta teksi. Bi Mwanaidi akaja ukumbini na kikapu alichokiandaa kwa mikono yake: nazi, halua, mchele wa Mbeya, doti ya kanga mpya juu yake. Na mama yangu akatoka chumbani amevaa gauni lake la kanisani, wewe uko mgongoni, amekufunga vizuri, kichwa chako kidogo kinachungulia. Umri wako siku ishirini na sita. Kwa watu wa Pwani mzazi na mtoto hawatoki nje kabla ya arobaini, seuze kupanda basi la siku nzima.

Bi Mwanaidi akaweka kikapu chini. "Mtoto anapelekwa wapi?"

Nikatazama kikapu.

"Nauliza, mtoto anapelekwa wapi?" Akaenda akasimama kwenye mlango wa mbele, akaweka mikono huku na huku. "Huyu mwanamke anamwiba mjukuu wangu!"

"Anasema nini?" mama akaniuliza kwa lugha yetu. "Mbona ananizibia njia? Si alikubali?"

"Mwambie amfungue mtoto!"

"Mwambie apishe!"

"Mwambie mimi nitaita polisi!"

"Mwambie sitaki ugomvi, nataka basi!"

Mwambie, mwambie, mwambie. Na mimi katikati, maziwa yananitoka mpaka kanga imelowa, wewe umeanza kulia, wapangaji wa vyumba vyote wamejaa ukumbini, na kinywa changu, kilichokuwa na maneno ya kila mtu kwa siku zote zile, hakikuwa na neno hata moja. Nilikaa sakafuni. Nililia kama wewe.

Mpangaji mmoja, Mama Chausiku, akawa na akili kutuzidi wote. Akatoka mbio kwenda kumwita Mangi.

Mangi alikuwa mwenye duka la kona, mtu wa Rombo kama sisi. Jina lake la kweli watu wachache walilijua, kwa maana Dar nzima mwenye duka la mtaani akiwa Mchaga ni Mangi, basi. Alikuwa mfupi, mkimya, anauza sabuni na mkate bila kupoteza maneno. Alikuja na funguo za duka mkononi. Akamwamkia Bi Mwanaidi shikamoo, akasubiri marahaba yake. Akamwamkia mama kwa heshima ya kwetu, akasubiri ajibiwe. Akaomba kigoda, akaketi, na alipoketi yeye ikawa vigumu wengine kuendelea kupiga kelele wima.

Hakuuliza nani kasema nini. Nilitegemea angeuliza, na ndicho nilichokuwa nakiogopa. Alimwuliza Bi Mwanaidi, "Mama, unaogopa nini?"

Bi Mwanaidi akataka kuanza tena habari ya wizi. Mangi akasubiri. Mwishowe Bi Mwanaidi akasema, sauti imeshuka, "Mwanangu wa kiume ni mmoja tu, Rajabu. Na huyu ndiye mjukuu wangu wa kwanza. Akitoka mlango huu sitamwona tena."

Mangi akamgeukia mama, akamwuliza swali lilelile. Na mama yangu, mbele ya wapangaji, akasema jambo ambalo hata mimi alikuwa hajanisimulia vizuri. Kwamba kabla yangu alizika watoto wawili wachanga, wote kwa homa, wote wakati wa joto. Kwamba tangu afike Magomeni anakushika paji la uso kila saa, na kwamba alijua wote tumekubali twende naye.

Mangi akageuza kigoda. Halafu akamwambia Bi Mwanaidi, "Huyu mama hamwibi mtoto. Anamwepusha."

"Anamwepusha na nini?"

"Na homa. Ameshazika wawili."

Akamgeukia mama na kumwambia kwa lugha yetu, "Huyu mwenzako hakuzuii wewe. Anasema mjukuu wake wa kwanza akitoka hapa, na roho yake inatoka naye."

Wakatazamana. Nadhani ndiyo mara ya kwanza waliyotazamana, kwa maana siku zote nyingine walikuwa wananitazama mimi.

Bi Mwanaidi bado alikuwa na lake moyoni. "Na lile la kima?" akauliza.

"Kima gani?"

Akasimulia. Siku ya kwanza kabisa, mtoto ana siku tisa, ameambiwa mbaya, ana sura ya kima, na aliyesema ni bibi yake. Alikuwa amelibeba kifuani siku zote zile, halua na vitumbua vyote vilikuwa vya kulifunika tu. Mangi akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya hapo.

"Bi Mwanaidi," akasema, "siku ile huyu mama alisema mashaallah."

Bi Mwanaidi akatoa mikono yake mlangoni. Akamtazama mama, akakutazama wewe mgongoni, akaketi juu ya mkeka na kujifunika uso kwa upande wa kanga. Mabega yakawa yanatikisika, na sikujua kama alikuwa analia au anacheka. Nilipomwuliza miaka mingi baadaye aliniambia vyote viwili.

Mimi nikapumua. Nikadhani yamekwisha. Mangi akanigeukia.

"Sasa wewe. Mama yako anaamini umekubali kwenda. Mama mkwe wako hana habari. Unataka nini?"

Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kunong'ona, "Nataka kubaki. Mwambie mama, Mangi. Mwambie vizuri, kama ulivyosema yale mengine."

Akatikisa kichwa. "Hilo silitafsiri. Hilo mwenyewe hujamwambia bado kwa lugha yoyote."

Ndipo nikainuka, Tunu. Nikaenda mbele ya mama yangu na kanga yangu iliyolowa. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kulainisha na yote yakaniponyoka. Nikamwambia kwa lugha yetu, "Mama, nilikudanganya. Sikumwambia. Sitaki kwenda. Hapa ndipo ninapoishi sasa."

Alinitazama kama alivyokutazama wewe siku ile ya kwanza. Halafu akaanza kufungua fundo la kanga kifuani, taratibu, akakuteremsha, akakuweka mikononi mwangu. Akasema, "Umekuwa mbaya wewe. Mbaya kabisa."

Hakuna aliyehitaji kuniuliza amesemaje.

Baba yako akarudi na teksi akakuta watu wote ukumbini wanakula halua iliyokuwa ya safari. Dereva akakaribishwa naye.

Mama hakuondoka Jumamosi ile. Alikaa mpaka ukatimiza arobaini. Bi Mwanaidi akahamisha kitanda chetu kwenye chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, akatundika chandarua kipya, na usiku waligawana zamu ya kukushika paji la uso. Sikuwatafsiria tena ila nilipoitwa. Walikuwa wakikaa uani, huyu anamenya ndizi, yule anakuna nazi, kila mmoja anasema kwa lugha yake, na katika saa nzima ni mara moja au mbili tu mmoja aliinua kichwa kuniuliza. Na siku ya arobaini yako, wageni walipoingia kukuona, aliyekuwa akitangulia kusema "Mbaya huyu, mbaya!" alikuwa Bi Mwanaidi. Na mama yangu, kwa ile lafudhi ya mlimani, ndiye aliyekuwa anaitikia, "Mashaallah." Wageni waliwaona wote wawili wamerukwa na akili.

Baadaye nilikwenda dukani kwa Mangi kununua sabuni, nikamwuliza kitu kilichokuwa kinanisumbua. Yeye naye si alibadilisha? Mama hakusema mashaallah. Alisema kima, na masikio yangu yalisikia. Kwa nini uongo wangu ulikuwa uongo na wake haukuwa?

Alinifungia sabuni kwenye gazeti kwanza. "Mimi nilibadili maneno," akasema. "Wewe ulibadili habari." Akanipa chenji na kumwita mteja mwingine.

Nimeitafuna sentensi ile miaka mingi, na sidhani kama nimeimaliza. Ila kuna kipande ninachokijua. Siku ya kwanza nilishika maneno ya mama nikaangusha alichokuwa anakisema, na nilijiona mkweli. Siku zilizofuata niliyatupa maneno na alichokisema pamoja, na nilijiona mwema. Mangi aliyatoa maneno, akaibakiza roho yake, akaivisha nguo nyingine ambayo mwenzake angeitambua. Na kabla ya kuivisha aliuliza. Mimi katika siku zote zile sikuwahi kuuliza.

Sokoni hapa nimejifunza mengine. Unakumbuka ulivyokuwa darasa la nne, unakuja dukani baada ya shule, mteja anapapasa kitenge, anakikunjua, anasema, "Ngoja nizunguke kwanza, nitarudi"? Ulikuwa unamngoja kweli. Ulimwekea pembeni kitenge chake mpaka tunafunga, ukaniambia, "Mama, labda amepotea." Nikakueleza kwamba "nitarudi" hapa Kariakoo maana yake ni "sikukipenda, ila sitaki kukuudhi." Ukakasirika. Ukasema kwa nini asiseme tu. Nikaona nimezaa mtoto anayetaka neno na maana yake vikae nyumba moja. Ni vizuri kuwa hivyo, mwanangu. Ila watu wengi huko uendako hawatakuwa hivyo, na si kwamba wanakudanganya.

Sasa nifike kwenye lile ambalo limenifungisha duka saa tisa.

Siku barua yako ya kupangiwa kituo ilipotoka, ulikuja umeinyanyua simu juu, unacheka, na mimi nikasema, "Umesoma miaka yote hiyo ukafundishe a e i o u porini?" Nilisema mbele ya baba yako na mbele ya shangazi yako. Ukaniuliza, "Mama, unanionea aibu?" Nikasema, "Mimi nimesema ukweli." Ukaingia chumbani.

Tangu siku ile umekuwa na adabu kwangu. Shikamoo mama, asante mama, nikuletee chai mama. Afadhali ungepiga mlango.

Baba yako, ambaye kwa maneno si fundi, aliniambia jioni ile, "Ulichomwambia sicho ulichotaka kusema." Nikamjibu kwamba yeye auze vipuri vyake. Lakini nilijua. Nilijua nimefanya lilelile la miaka ishirini na minne iliyopita, ila safari hii mtu niliyemtafsiri vibaya ni mimi mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita ulinisaidia dukani Jumatatu. Yule bibi wa Msimbazi anayenunua kanga za jumla akaja na karatasi yake ya dawa, akaniomba nimsomee. Nikamsomea: kidonge kimoja, kutwa mara tatu. Akauliza, "Mara tatu saa ngapi?" Nikamwambia tena, kutwa mara tatu. Akauliza tena. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo lake ni masikio. Akaanza kuikunja karatasi, aibu imemjaa.

Ukaweka chini kitambaa ulichokuwa unapima. Ukaja ukachutama mbele yake. "Shikamoo bibi. Asubuhi huwa unakunywa chai?" Akasema anakunywa. "Ukimaliza chai, kimoja. Mchana unakula?" Anakula. "Ukimaliza, kimoja. Na jioni vilevile." Halafu ukamwuliza jambo ambalo mimi nisingelifikiria: "Sasa niambie wewe, bibi. Kwa maneno yako. Utavinywaje?"

Akafikiri. Akasema, "Kila nikishiba, nameza."

Ulicheka kwa furaha mpaka ukashika goti lake. "Hivyohivyo, bibi! Umeshinda karatasi!"

Nilijifanya napanga vitenge, Tunu, lakini sikuwa napanga chochote. Nilikuwa nakutazama. Niliona mtu anayejua kazi yake. Hukubadilisha hata punje ya alichokiandika daktari, ila ulikitafutia njia mpaka kikafika, halafu ukahakikisha kimefika. Mimi kwa umri huu bado nikiona mtu hajaelewa napandisha sauti. Kule Newala kutakuwa na mtoto ambaye nyumbani kwao kunasemwa Kimakonde, amekaa dawati la nyuma, ametulia, na kila mtu anadhani ni mzito. Nimemfikiria sana mtoto huyo wiki hizi mbili. Nimemwonea wivu kidogo kwamba amekupata.

Kwa hiyo acha niliseme upya lile la siku ile. Habari ni ileile, nimeitafutia maneno yake tu.

Niliposema porini, nilitaka kusema mbali. Niliposema a e i o u, nilitaka kusema kwamba hapa dukani nimezoea sauti yako, na jioni tukifunga nimezoea mtu wa kutembea naye mpaka kituo cha mwendokasi huku tunawasengenya wateja. Niliposema umesoma miaka yote hiyo, nilikuwa najipongeza kwa kukusomesha, na sikujua namna ya kukupongeza wewe. Na niliposema nimesema ukweli, nilikuwa naogopa kulia mbele ya shangazi yako.

Sikukuonea aibu, mwanangu. Hata siku moja.

Mama yangu alipokufa ulikuwa kidato cha pili, na alikufa bila kukuita mzuri hata mara moja. Bi Mwanaidi, jana ulipokwenda kumuaga, nimesikia alikushika mikono miwili hakusema kitu, akakupa kanga tu. Wote wamekupenda sawasawa. Nimejaribu kuwa katikati yao, nami nimekuwa mtu wa kukulipia ada na kukukaripia, na humo ndimo nilimokuwa nimeweka kila kitu. Sasa unajua pa kukitafuta. Ukiwa kule, ukisikia neno langu limekuuma kwenye simu, usilikunje ukaliweka kifuani. Niulize, "Mama, unaogopa nini?" Nitakujibu. Pengine si siku hiyohiyo, lakini nitakujibu.

Na wewe ukikosea, kwa maana utakosea, utamwambia mtoto wa watu neno ambalo wewe umelelewa nalo likiwa na joto, nalo limfikie likiwa baridi, rudi ukamwambie tena. Mimi nimechelewa kurudi kwa wiki nyingi na bado mlango nimeukuta wazi. Asubuhi hii uliniletea chai bila kusema "nikuletee chai mama." Uliiweka tu, ukanyofoa kipande cha chapati yangu, ukaenda nacho. Nilifurahi siku nzima.

Namsikia jirani wa mapazia anafunga mageti. Baba yako amepiga simu kwamba ameshapika, jambo la kutisha, nami nimemwambia naja. Barua hii nitaiweka kwenye begi lako upande wa vitabu, usiione mpaka ufike.

Kesho asubuhi, basi likiwa linanguruma na makondakta wanapiga kelele, nitakuwa nimesimama chini ya dirisha lako na hakuna hata moja katika haya nitakalokumbuka kusema. Najijua. Nitasema, "Ufike salama." Utasoma haya ukiwa umeshafika, na utajua kwamba maneno yale mawili yalikuwa barua hii yote.

Mama yako.